Jumba la Gladstone: Deni Hutangulia Mirathi

Maili chache kutoka mji wa Chester, upande wa Wales wa mpaka, kuna kijiji kiitwacho Hawarden. Kijijini humo mna kasri mbili. Ya kwanza ni gofu la ngome ya zama za kati, limesimama juu ya kilima. Ya pili ni jumba la kuishi lililojengwa mwaka 1752, kisha mwanzoni mwa karne ya 19 likavikwa minara na kuta zenye meno ili lionekane kuukuu kuliko umri wake. Katika jumba hilo aliishi William Ewart Gladstone, mtu aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne, na humo ndimo alimofia tarehe 19 Mei 1898. Enzi za uhai wake treni zilileta watu kwa maelfu, wapate kumwona mzee huyo akikata miti kwa shoka, mikono ya shati imekunjwa. Mpaka leo jumba liko mikononi mwa uzao wake.

Nimelichagua jumba hili kuwa somo letu la uraia kwa sababu mwenyewe anasifiwa kama baba wa uliberali. Anasimuliwa kuwa mtetezi wa wanyonge wa Bulgaria, mtu wa haki kwa Waayalandi, mwanasiasa aliyewaambia wapiga kura wa Uskoti kwamba uhai wa mwanakijiji wa milima ya Afghanistan una thamani sawa na wao mbele ya Mungu. Hayo aliyasema na siyakanushi. Ninachodai ni kwamba historia ya nyumba husomwa kwanza katika daftari la fedha, ndipo katika hotuba za mwenye nyumba. Na daftari la familia hii lina deni ambalo halijalipwa.

Tuanze na umiliki. Hawarden haikuwa mali ya akina Gladstone kwa asili. Ilikuwa ya akina Glynne, ambao babu yao alikuwa jaji mkuu wakati wa Cromwell na aliipata ardhi hiyo baada ya mwenyewe wa awali, Earl wa Derby, kukatwa kichwa mwaka 1651. Gladstone aliingia kwa ndoa: tarehe 25 Julai 1839 alimwoa Catherine Glynne, dada wa mwenye jumba. Miaka michache baadaye ndugu huyo wa mke alikaribia kufilisika kwa sababu ya kiwanda cha matofali na chuma kilichoitwa Oak Farm, kilichoanguka mwaka 1847. Ardhi ilikuwa inakwenda kupigwa mnada. Aliyeiokoa ni shemeji mtu, naye aliiokoa kwa fedha zilizotoka upande wa baba yake. Kumbuka hapo, msomaji: wageni wanaoingia Hawarden kutazama bustani wanatembea juu ya ardhi iliyookolewa kwa fedha za John Gladstone. Basi ni lazima tumuulize John Gladstone alizipata wapi.

Alizaliwa Leith, Uskoti, mwaka 1764, mtoto wa mfanyabiashara wa nafaka. Mwaka 1787 alihamia Liverpool, bandari iliyokuwa kinara wa biashara ya watumwa Uingereza nzima. Mwaka 1803 akaanza kutia mtaji Demerara, koloni ambalo leo ni sehemu ya Guyana, na kufikia mwaka 1816 alikuwa mmiliki pekee wa shamba liitwalo Success. Akaongeza mashamba mengine huko na Jamaika. Akawa mbunge kuanzia 1818 hadi 1827. Katika maisha yake yote hakukanyaga Demerara hata siku moja. Alikuwa na wakala wa kumwandikia kwamba watumwa wanafurahi na wanashiba, naye akaziamini barua hizo; au, nionavyo mimi, zilimfaa kuaminika.

Tarehe 18 Agosti 1823 shamba la Success lilimjibu. Habari zilikuwa zimeenea miongoni mwa watumwa kwamba London imetoa maagizo ya kuwapunguzia mateso, ikiwemo kukataza wanawake wasichapwe viboko, na kwamba gavana ameyakalia maagizo hayo. Habari hizo zilikuwa na ukweli. Mtu aliyewaunganisha watu wa mashamba alikuwa fundi wa mapipa aitwaye Jack. Baba yake, Quamina, alikuwa fundi seremala na shemasi katika kanisa la mmisionari John Smith. Jina la pili la Jack lilikuwa Gladstone. Ndiyo, msomaji, jina lile lile, kwa sababu mtumwa aliitwa kwa jina la mwenye kummiliki kama vile ng'ombe anavyotiwa chapa. Maelfu ya watu waliinuka kwa siku chache. Waliwafungia mabwana na wasimamizi ndani ya nyumba zao, wakawatia baadhi yao kwenye pingu za miguu zilizokuwa zikitumiwa kuwaadhibia wao wenyewe, na karibu wote wakawaacha hai. Quamina alikuwa amewasihi waache kazi tu, wasimwage damu. Wazungu waliouawa hawakufika watano. Waafrika waliouawa, kwa risasi na kwa kitanzi, walizidi 200. Quamina alisakwa msituni, akapigwa risasi mwezi Septemba, na maiti yake ikaning'inizwa kwa minyororo mbele ya shamba la Success iwe onyo kwa wapitao. Jack alihamishiwa St Lucia. Mmisionari Smith alihukumiwa kifo na kufia gerezani Februari 1824.

Nina jambo moja la kuweka kando ya tukio hilo. Mwaka 1915 kijana aliyekuwa amerithi Hawarden, mjukuu wa Waziri Mkuu na mbunge yeye mwenyewe, aliuawa vitani Ufaransa. Maiti yake ilivushwa bahari kwa idhini maalumu ya mfalme ili azikwe kijijini kwao, heshima ambayo askari wa kawaida hawakuipata. Simwonei kijana wa vita wivu wa kaburi lake. Nasema tu kwamba familia moja ilikuwa na makaburi ya namna mbili, nasi tumeonyeshwa la namna moja.

Sasa turudi kwa William. Aliingia Bungeni mwaka 1832 akiwa na umri wa miaka 22. Tarehe 3 Juni 1833 alisimama kutoa hotuba yake ya kwanza yenye uzito, na mada yake haikuwa Bulgaria wala Ayalandi. Wakati Bunge likijadili kukomesha utumwa, mbunge mmoja, Lord Howick, alikuwa amelitaja kwa jina shamba la Vreed-en-Hoop kuwa mahali ambapo watu wanakufa kwa kufanyishwa kazi kupita kiasi. Shamba hilo lilikuwa la John Gladstone. Mwana akasimama kumtetea msimamizi wa baba yake na kuomba kwamba, ikiwa watumwa watafunguliwa, basi iwe polepole na wamiliki walipwe. Wanafunzi wangu wa uraia huuliza mgongano wa maslahi ni nini. Ni huo. Mbunge anapiga kura juu ya mali ambayo yeye mwenyewe ataila.

Wala haukuwa mgongano wa mwisho. Mwaka 1882, akiwa Waziri Mkuu, serikali yake iliipiga Aleksandria kwa mizinga na kuikalia Misri. Wakati huo zaidi ya theluthi moja ya uwekezaji wake binafsi ilikuwa katika hati za mikopo ya Misri, ambazo bei yake ilipanda baada ya uvamizi. Mwanahistoria aliyehariri shajara zake ndiye aliyetuonyesha hesabu hiyo.

Sheria ya kukomesha utumwa ilipita mwaka 1833. Ikatenga pauni milioni 20, kiasi cha asilimia 40 ya bajeti ya serikali kwa mwaka, kuwa fidia. Mimi ni mwalimu wa lugha, nawe utaniruhusu nisimame kidogo juu ya neno hili. Fidia, katika asili yake ya Kiarabu na katika Kiswahili cha zamani, ni mali inayotolewa ili mateka aachiliwe. Ni ukombozi. Lakini mateka, akiisha kukombolewa, hudai alichoporwa. Na hapo ndipo neno letu lilipopanuka likawa na maana ya malipo kwa aliyedhulumiwa. Uingereza ya mwaka 1833 ilitumia maana ya kwanza na kuizika ya pili. Mtekaji alilipwa. Mateka, ambao walikuwa kiasi cha 800,000, hawakupewa hata senti, bali waliamriwa waendelee kumtumikia yule yule bwana kwa miaka kadhaa zaidi kwa jina la uanagenzi, mpaka mwaka 1838. Na bungeni, katika mjadala wa kuufupisha uanagenzi huo, William Gladstone alisimama kuutetea uendelee.

John Gladstone alipokea pauni 106,769 kwa watu 2,508. Ni mmoja wa waliolipwa zaidi katika dola nzima. Alikuwa tayari amenunua, mwaka 1829, shamba kubwa la Fasque mashariki mwa Uskoti pamoja na jumba lake lililojengwa mwaka 1809; ndilo lililokuwa makao yake ya uzeeni hadi alipofariki mwaka 1851. Mwaka 1846 alipewa cheo cha Baronet, cheo ambacho mwana hukirithi kwa baba. Hivyo ndivyo mjukuu wa muuza nafaka anavyogeuka kuwa mtu wa ukoo wa kale. Jumba linanunuliwa, cheo kinafuata, picha za mababu zinatundikwa ukutani, na baada ya vizazi viwili hakuna anayeuliza. Fasque baadaye iliuzwa nje ya familia ikafanywa mahali pa harusi.

Bwana huyo hakuishia hapo, na sehemu hii inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa njia ambayo wengi hawaijui. Alipoona watumwa wanakaribia kuwa huru, tarehe 4 Januari 1836 aliiandikia kampuni moja ya Kalkuta kuulizia vibarua wa Kihindi watakaofungwa kwa mkataba wa miaka. Meli mbili, Whitby na Hesperus, zikatia nanga British Guiana tarehe 5 Mei 1838 zikiwa na watu karibu 400, baadhi yao wakapelekwa Vreed-en-Hoop. Wanaharakati waliofika kuchunguza walikuta viboko, maradhi na vifo. Serikali ya India ikasimamisha usafirishaji kwa muda, kisha ikauruhusu tena, ukawa mfumo wa dola: Mauritius, Trinidad, Natal, Fiji. Na mwaka 1896 mfumo huo ukafika Mombasa. Kiasi cha vibarua 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli iliyoitwa ya Uganda, na takribani 2,500 walikufa kabla haijafika ziwani mwaka 1901. Sisemi kwamba John Gladstone, aliyekwisha kufa nusu karne kabla, ndiye aliyejenga reli yetu. Nasema kwamba mlango walioingilia vibarua wale ulianza kusukumwa na barua iliyoandikwa na mtu aliyetafuta mbadala wa watumwa wake.

Kizazi cha tatu nacho kiligusa Afrika, safari hii bila kupitia kwa mawakala. Herbert Gladstone, mwana mdogo wa Waziri Mkuu, baada ya kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani aliteuliwa mwaka 1910 kuwa Gavana Mkuu wa kwanza wa Muungano wa Afrika Kusini. Mwezi Juni 1913, ndani ya utawala wake, iliidhinishwa Sheria ya Ardhi ya Wenyeji, iliyowafungia Waafrika katika takribani asilimia 7 ya ardhi ya nchi yao na kuwakataza wengi wao kununua au kukodi nje ya hapo. Viongozi wa Waafrika, John Dube akiwa kati yao, waliomba sheria hiyo izuiliwe. Haikuzuiliwa. Babu alimiliki watu, mjukuu akaidhinisha sheria iliyowanyang'anya watu ardhi, na katikati yao yuko yule mzee wa shoka na Biblia. Naye, kwa haki yake, uzeeni aliutaja utumwa kuwa uovu mkubwa. Lakini sikuona mahali alipoirudisha hata pauni moja. Alichokitoa ni maktaba. Alitenga vitabu vyake 32,000 na pauni 40,000 kwa ajili ya wasomi, akavisukuma baadhi yake mwenyewe kwa toroli kutoka kasrini hadi kijijini, akiwa amevuka miaka 80. Maktaba hiyo bado iko Hawarden na watu hulala humo wasome. Ni tendo jema. Ila mtu anayedaiwa na jirani hapongezwi kwa kumpa sadaka msafiri.

Nimefika kwenye kiini cha hoja yangu. Mwezi Agosti 2023, miaka 200 kamili baada ya Success, wanafamilia sita wa ukoo wa Gladstone walikwenda Guyana. Charlie Gladstone, kilembwe wa Waziri Mkuu na kwa hiyo kining'ina wa John, alisoma ombi la msamaha katika Chuo Kikuu cha Guyana. Familia ikaahidi pauni 100,000 kwa kituo cha utafiti cha chuo hicho. Nje kulikuwa na waandamanaji wenye mabango. Rais Irfaan Ali alikuwa ametangulia kusema kwamba msamaha peke yake hautoshi.

Tangu hapo nimesikia kauli mbili zikirudiwa, na zote mbili nazipinga.

Ya kwanza husema: yameisha, wameomba radhi. Haya, tuhesabu. Mwaka 2023 waliahidi pauni 100,000. Katika miaka ya 1830 walipokea pauni 106,769. Bila kuhesabu riba, bila kuhesabu kwamba pauni ya wakati ule ilinunua mara nyingi zaidi ya pauni ya sasa, na bila kugusa faida ya miongo mitatu ya kazi isiyolipwa, ahadi ya leo ni ndogo kuliko hundi ya juzi. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Mkono huu haukuwa mtupu, lakini ulifunguliwa kidole kimoja. Nawatambua wanafamilia hawa kwa kusafiri na kusimama mbele ya watu, jambo ambalo koo nyingi za mabwana hazijathubutu kulifanya. Wamejiunga pia na wenzao wa koo nyingine kuitaka serikali yao ilipe. Serikali hiyo ilikwisha kukataa: Aprili 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak aliulizwa bungeni kama ataomba radhi na kukubali kulipa, akajibu hapana. Kwa hiyo yameisha kwa nani?

Ya pili ni nzito zaidi, na hutolewa na watu wenye nia njema: kilembwe ana kosa gani? Je, mtoto achapwe kwa wizi wa babu? La hasha. Dhambi hairithiwi, na asiyejua hilo hajui haki. Lakini muulize mtu yeyote aliyewahi kuketi katika matanga hapa kwetu, awe Mwislamu au Mkristo au mfuasi wa mila za wazee. Kabla ya mali kugawanywa, husimama mtu na kuuliza: kuna anayemdai marehemu? Katika sheria ya Kiislamu mirathi haigawanywi mpaka deni lilipwe. Katika mazishi ya vijijini Uganda ninayoyajua, wadai hualikwa wajitokeze wazi mbele ya watu. Hakuna anayemwambia mdai, "Mwana hakukukopa." Mwana hakukopa, ni kweli, lakini anakalia nyumba. Akitaka kuikataa nyumba na deni pamoja, ni hiari yake. Kuipokea nyumba na kulikataa deni, hiyo ndiyo isiyokubalika.

Na usidhani kwamba huu ni utamaduni wa kwetu tu usioeleweka kwa Waingereza. Wanauelewa barabara. Ili kuwalipa mabwana zile pauni milioni 20, serikali yao ilikopa sehemu kubwa kutoka kwa mabenki mwaka 1835. Mkopo huo ulihamishwa kutoka hati moja hadi nyingine, na sehemu yake ya mwisho ilimalizwa kulipwa mwaka 2015. Miaka 180! Kijana aliyezaliwa Birmingham mwaka 1990, pengine bibi yake akiwa ametoka Jamaika au Guyana, alikatwa kodi ya kulipia fedha alizopewa John Gladstone. Hakuna waziri aliyesimama kusema kwamba deni hilo ni la kale mno na kwamba walipa kodi wa leo hawakumiliki mtumwa. Lililipwa, kwa sababu mdai alikuwa na hati. Basi tusiambiwe tena kwamba muda hufuta madeni. Kinachofuta madeni, inaonekana, ni unyonge wa anayedai.

Sisi wenyewe tusijivue. Hesabu ile ile ililetwa pwani yetu. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Mmiliki aliyeweza kuthibitisha hasara alilipwa. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mahakamani auombe, na akiisha kuupata, aonyeshe ana makazi na riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria hawakuhesabiwa kuwa watumwa kabisa. Mwaka 1907 pwani ya Kenya ikafuata, nako wamiliki wakalipwa. Mashamba ya mikarafuu yalibaki kwa wenyewe, na wajukuu wa waliochuma wakawa wapangaji wa miti.

Na bara je? Gladstone mzee, kwa kejeli ya historia, hakuitaka Uganda. Katika serikali yake ya mwisho, 1892 hadi 1894, alibishana na mawaziri wake walioitamani, hasa kwa sababu aliogopa gharama. Aliondoka madarakani Machi 1894, na kabla mwaka haujaisha tukawa nchi lindwa. Miaka sita baadaye Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulikata maili za mraba 8,000 na kuzigawa kwa machifu na wakubwa takribani 1,000 kwa hati. Mkulima aliyekuwa akilima pale kabla ya hati kubuniwa aliamka akiwa mpangaji, na ilibidi ifike mwaka 1928 ndipo sheria ikaweka mpaka wa kile anachoweza kutozwa. Mzozo wa mwenye mailo na mwenye kibanja unaojaza mahakama zetu hadi leo ulianzia kwenye karatasi hiyo. Nenda pembezoni mwa Kampala ukatazame majumba ya koo za wakubwa, uzio mrefu, mti wa mvule ndani yake. Halafu waulize wazee wanaoishi nje ya uzio ni nani aliyelima hapo mwanzo. Uliza kwa adabu. Wengine watakujibu na wengine watatazama pembeni kwanza.

Kwa hiyo ninapowataka akina Gladstone walipe, siwataki wao peke yao, wala sitaki jumba la Hawarden libomolewe. Libaki, na miti yake. Naitaka serikali ya Uingereza, ambayo ndiyo iliyoandika hundi, ikae mezani na nchi za Karibiani, ambazo tangu mwaka 2014 zina madai yao kumi yaliyoandikwa. Naitaka familia itaje sehemu ya mali yake iliyotokana na Demerara na kuishughulikia kama deni, isiifanye kuwa hisani. Na ninakutaka wewe msomaji, hasa kama unafundisha, uache kuwapa wanafunzi hotuba za wakubwa bila daftari zao.

Daftari lenyewe si siri. Chuo Kikuu cha London kiitwacho University College kimeweka kwenye intaneti, bure, orodha ya waliolipwa fidia ya mwaka 1833. Mwanafunzi mwenye simu anaweza kuandika jina Gladstone na kuona kila dai: shamba gani, koloni gani, pauni ngapi, shilingi ngapi, peni ngapi. Ataona pia safu inayoonyesha idadi ya watu waliolipiwa. Hapo kuna tarakimu tu. Majina ya watu wenyewe, pamoja na umri wao na mahali walipozaliwa, yako katika madaftari mengine yaliyoandikwa kati ya mwaka 1817 na 1834, yaliyohifadhiwa Kew, London. Katika safu ya mahali pa kuzaliwa, wengi wameandikiwa neno moja: Afrika.